Simu ya Askari Ng'ambo ya Mpaka: Nani Alipaye, na Hulipa Nini?

Suala la gharama za simu kwa askari walio nje ya nchi limezungumzwa mara nyingi makambini na katika vituo vya mpakani, lakini ni mara chache limechambuliwa kwa undani unaolistahili. Wengi wamelichukulia kuwa ni jambo la mtu binafsi na mfuko wake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. Gharama hizo hazitokani na umbali, bali hutokana na makubaliano. Pale ambapo serikali zimekubaliana, zimeshuka. Na pale ambapo bado, askari hana kinga ila maarifa yake mwenyewe. Tena, kwa mtu aliyevaa sare, njia iliyo nyepesi kwa mfuko yaweza kuwa nzito kwa uhai.

Yafaa ikumbukwe kwamba katika miaka hii askari wa Uganda wamevuka mipaka mingi. Machi 2007 kundi la kwanza la wanajeshi wetu lilitua Mogadishu chini ya bendera ya Umoja wa Afrika. Desemba 2013 wengine waliingia Sudan Kusini. Novemba 2021 wengine waliingia mashariki mwa Kongo kuwasaka waasi wa ADF, bega kwa bega na jeshi la nchi hiyo. Polisi nao wametumika Darfur na Somalia. Kila aliyekwenda aliacha nyumbani mama, mke au mume, na watoto wanaosubiri sauti yake. Katika vita vya babu zetu sauti hiyo ilikuja kwa barua baada ya miezi. Leo huja kwa simu, na kila dakika ina bei yake.

Koplo ambaye hakuvuka

Mwandishi wa makala haya aliwahi kukutana, katika kituo kimoja magharibi mwa nchi, na koplo mmoja aliyekuwa amefadhaika. Jioni alikuwa ametia vocha ili asubuhi azungumze na mkuu wa shule ya mwanawe juu ya karo. Alipoamka, salio lilikuwa limekwisha. Hakuwa amempigia mtu yeyote. Usiku kucha simu ilikuwa kando ya kitanda chake, intaneti ikiwa imewashwa, nayo ilikuwa imeshika mnara wa ng'ambo. "Afande," alisema, "mimi sijatoka Uganda, lakini simu yangu imetoka."

Waliokuwapo walicheka, naye hakucheka, maana karo haingoji. Lakini katika maneno yake kulikuwa na ukweli wote wa jambo hili. Mawimbi ya redio hayaoni bendera wala mto wa mpakani. Mnara wa kawaida wa mfumo wa GSM unaweza kuhudumia simu iliyo umbali wa hadi takriban kilomita 35, na mlima au bonde huweza kuufanya mnara wa jirani usikike vizuri kuliko wetu. Simu hushika ule unaosikika, na mwenye simu hulipa kana kwamba amesafiri.

Namna mgeni apokelewavyo

Huduma ya kutumia laini ya kwenu katika minara ya nchi ya kigeni huitwa romingi. Ili kuelewa bei yake, yapasa kwanza kuelewa namna inavyofanya kazi.

Kila laini ina namba ya utambulisho ambayo tarakimu zake tatu za mwanzo hutaja nchi. Uganda ni 641, Kenya 639, Tanzania 640, Rwanda 635, Burundi 642, Kongo 630, Sudan Kusini 659 na Somalia 637. Simu inapowashwa ugenini hubisha hodi katika mnara ulio karibu. Mnara husoma tarakimu hizo, hujua kwamba huyu ni mgeni, kisha huiuliza kampuni ya nyumbani: je, mtu huyu ni wenu, na je, mtamlipia? Kampuni ya nyumbani ikiitikia, mgeni hufunguliwa mlango. Tangu hapo, kila neno na kila ujumbe huandikwa katika daftari la mwenyeji, naye humdai mwenziwe wa nyumbani kwa bei ya jumla waliyoafikiana. Kampuni ya nyumbani huongeza faida yake, serikali huongeza kodi yake, na jumla ya yote humfikia askari.

Kinachowashangaza wengi ni kutozwa kwa simu waliyopigiwa. Tuchukue mfano wa askari aliyeko Bunia, ambaye mkewe anampigia kutoka Lira. Simu ya mke huenda kwanza katika mitambo ya kampuni ya mumewe hapa nchini, ndipo huvushwa hadi Bunia. Mke hulipa kipande cha kwanza tu, kwa bei ya kawaida, kwa kuwa hajui wala hapaswi kujua kwamba mumewe amevuka. Kipande cha pili hutozwa mume. Na iwapo mume hakupokea, na simu ikahamishiwa katika kisanduku cha sauti kilicho nyumbani, huweza kuvushwa kwenda na kuvushwa tena kurudi. Hapo askari hudaiwa kwa mazungumzo ambayo hayakufanyika.

Mwenye kulipa kabla ya matumizi hupoteza salio, na hasara yake huishia hapo. Mwenye kulipa mwisho wa mwezi yumo katika hatari kubwa zaidi, kwani deni hukua bila yeye kuliona, na huenda likamkuta tayari amerudi nyumbani akifikiri mambo yamekwisha.

Ukuta uliobomolewa mara mbili

Watu wengi hudhani kwamba gharama hizi ni sheria ya maumbile, na kwamba nchi tajiri ndizo zilizotangulia kuziondoa. Historia yasema vingine. Septemba 2006 kampuni ya Celtel, iliyoasisiwa mwaka 1998 na Mo Ibrahim, mzaliwa wa Sudan, iliunganisha mitandao yake ya Kenya, Uganda na Tanzania. Mteja wake aliweza kuvuka mpaka, akapokea simu bila malipo, na akapiga kwa bei ya wenyeji. Mwaka 2007 mpango huo ulienea hadi Gabon na nchi zote mbili za Kongo, kisha nchi nyingine zikafuata. Wakati huo Ulaya ilikuwa bado inajadiliana. Mwaka huo huo wa 2007 ndipo Umoja wa Ulaya ulipoweka kikomo cha senti 49 za euro kwa dakika ya kupiga na senti 24 kwa dakika ya kupokea, bila kuhesabu kodi. Gharama zenyewe hazikuondolewa mpaka tarehe 15 Juni 2017.

Hata hivyo, kilichotolewa kwa ajili ya biashara huweza kurudishwa kwa ajili ya biashara. Kampuni ile ilibadilika jina ikawa Zain mwaka 2008, kisha ikauziwa Bharti Airtel mwaka 2010. Mteja hakuwa na sheria ya kushika mkononi, ila tangazo la kampuni.

Hatua ya pili ilichukuliwa na serikali. Mwaka 2014 Kenya, Rwanda, Uganda na Sudan Kusini, katika miradi ya Ukanda wa Kaskazini, zilikubaliana kuwa na eneo moja la mtandao. Kenya na Rwanda zilianza Oktoba 2014, na Uganda ikaingia Januari 2015. Msingi wa makubaliano ulikuwa mwepesi kueleweka: simu inayoanzia na kuishia ndani ya eneo hilo isitozwe ushuru wa simu za kimataifa, anayepokea akiwa safarini asitozwe, na anayepiga asitozwe zaidi ya senti 10 za dola ya Marekani kwa dakika. Minara haikuongezwa hata mmoja kwa ajili hiyo, wala nyaya hazikufupishwa. Kalamu tu ndiyo iliyofanya kazi.

Na kama yuko anayetilia shaka kwamba kalamu ndiyo yenye nguvu, na aitazame Uingereza. Ilipokuwa ndani ya Umoja wa Ulaya, raia wake walitumia simu zao Ufaransa na Hispania kama walivyozitumia London. Ilipojitoa, sheria ile ikakoma kuyafunga makampuni yake, na kuanzia mwaka 2022 kadhaa kati ya hayo yakarejesha malipo. Bahari baina yao na Ufaransa haikupanuka. Sheria ndiyo iliyoondoka.

Buti zimevuka kabla ya bei

Sasa tufike katika kiini cha mambo. Jumuiya ya Afrika Mashariki leo ina nchi nane. Kongo iliingia mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Lakini kuwa mwanachama wa Jumuiya si sawa na kuwa ndani ya makubaliano ya simu, ambayo yalianza na nchi nne tu. Kwa hiyo afisa anayekwenda Nairobi au Kigali kuhudhuria kozi ya wiki mbili, akilala hotelini, amekingwa na mkataba. Lakini askari aliyetumwa Mogadishu au katika misitu ya Ituri kwa muda wa mwaka mzima alikwenda mahali ambapo mkataba ule haukupata kumtangulia. Mwenye haja ndogo amepewa kinga kubwa, na mwenye haja kubwa ameachwa.

Kuchelewa huko kuna sababu zake, na si haki kuwalaumu watu kabla ya kuzitazama. Kwanza, ushuru wa simu za kimataifa ni pato la serikali, na si rahisi kuacha pato lililozoeleka. Pili, bei ikishuka katika eneo moja, walanguzi hupitisha simu za mbali humo kwa hila, wakizifanya zionekane ni simu za wenyeji. Makampuni na serikali hupata hasara. Tatu, makubaliano yahitaji pande mbili zenye mamlaka. Somalia ilikaa miaka mingi bila chombo cha serikali cha kusimamia simu, na sheria yake ya mawasiliano haikutiwa saini mpaka Oktoba 2017. Haya yote ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba kila mara askari wanapotumwa nje, wanasheria huketi na kuandika masharti ya kuingia kwa silaha, magari na dawa bila ushuru. Kifungu kimoja juu ya simu za askari kisingeirefusha sana karatasi hiyo.

Mambo ya kufanya kabla ya kusubiri kalamu

Wakati serikali zinazungumza, maisha hayasimami. Yapo mambo ambayo kila askari na kila polisi anaweza kuyafanya leo.

La kwanza ni kuuliza kabla ya kuondoka. Iulizwe kampuni bei nne, kwa kutaja nchi kwa jina: bei ya kupiga, ya kupokea, ya ujumbe na ya intaneti. Usidanganyike kwamba kifurushi ulichonunua Kampala kitafuatana nawe. Kwa kawaida huishia mpakani.

La pili ni kuzima intaneti ya romingi katika simu yenyewe. Hiki ndicho kilichomponza koplo wetu. Simu za siku hizi hazilali. Mwenyewe ukilala, zenyewe hupokea picha, hujisahihisha programu na kuhifadhi kumbukumbu mbali. Huko Ulaya, tangu Julai 2010, sheria iliamuru intaneti ya msafiri ikatwe bili inapofika euro 50, isipokuwa kama mwenyewe amekubali kuendelea. Sisi tulio mpakani yatupasa kuwa walinzi wa lango letu wenyewe. Na askari wa kituo cha mpakani afanye zaidi: aiondoe simu katika uchaguzi wa mtandao wa kujiendea, na achague kwa mkono mtandao wa Uganda. Ikikosa mnara wetu, afadhali ikae kimya kuliko kuhamia kwa jirani.

La tatu ni kufuta uhamishaji wa simu zisizopokelewa, kwa kubonyeza ##002# kisha kitufe cha kupiga, ukiwa bado ndani ya nchi. Kwa njia hiyo kisanduku cha sauti hakitakula salio lako.

La nne ni kununua laini ya mwenyeji pale inaporuhusiwa. Inunuliwe katika duka linalotambulika, kwa hati yako, kwa jina lako. Laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu usiyemjua ni kama silaha usiyoijua ilikotoka: jinai iliyotendwa nayo jana huweza kukufuata leo. Mwenye simu ya laini mbili aiache ya nyumbani katika nafasi yake kwa ajili ya kupokea ujumbe, ambao kwa kawaida hautozwi, na aitumie ya mwenyeji kwa mazungumzo.

La tano ni kutumia intaneti ya kambi, palipo nayo na panaporuhusiwa. Mazungumzo ya sauti kwa njia ya intaneti hutumia kiasi kidogo tu. Mazungumzo ya picha hutumia mara nyingi zaidi. Panga siku na saa na jamaa zako. Familia inayojua kwamba baba au mama atapiga Jumapili jioni haitapiga mara kumi katikati ya wiki kwa hofu.

La sita, ambalo husahauliwa, ni kuitunza namba ya nyumbani isife. Laini isiyotumika kwa miezi kadhaa hufungwa, na namba yake huweza kupewa mtu mwingine. Askari aliyetumikia mwaka mzima hawezi kustahimili kurudi na kukuta namba iliyoshika fedha zake na siri za benki yake imo mikononi mwa mgeni. Aulize kampuni muda uliowekwa, na aitumie laini hiyo mara moja kabla muda haujapita.

Bei isiyoandikwa katika bili

Hadi hapa tumezungumza kana kwamba askari ni msafiri kama wasafiri wengine. Sivyo alivyo. Simu inayotafuta mnara inasema mahali ilipo, na anayeisikia si kampuni peke yake.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, makombora ya Ukraine yaliangukia jengo walimolala askari wa Urusi katika mji wa Makiivka. Wizara ya ulinzi ya Urusi yenyewe ilitangaza vifo 89, na ikasema kwamba sababu kuu ilikuwa askari kuwasha na kutumia simu zao kinyume cha amri, jambo lililomwezesha adui kupajua mahali pao. Mapema zaidi, Februari 2022, Ukraine ilikuwa imezifungia laini za Urusi na Belarus zisitumie minara yake. Yaani hata romingi, ambayo msafiri huiona kuwa ni huduma ya biashara tu, iligeuka kuwa sehemu ya medani.

Wala hatari haihitaji mazungumzo. Januari 2018 dunia nzima iligundua kwamba ramani ya mazoezi iliyotolewa na kampuni ya Strava ilionyesha njia za kukimbilia ndani ya kambi za kijeshi katika nchi za vita, kwa sababu askari walikuwa wakikimbia asubuhi wakiwa na vifaa vya kupima mwendo. Na karibu nasi zaidi, Januari 2014, Al-Shabaab ilitoa amri kwa makampuni ya simu ya Somalia kuzima intaneti ya simu za mkononi. Amri hiyo ilitufundisha kwamba adui hutazama simu kwa macho ya vita, hata pale ambapo sisi tunaitazama kwa macho ya mfuko.

Kutokana na hayo, kanuni ni moja: amri ya usalama hutangulia bei. Laini ya mwenyeji iliyo rahisi sana, ikikatazwa na kamanda, si rahisi. Intaneti ya bure ya hoteli isiyojulikana, kwa mtu mwenye orodha ya doria katika simu yake, si ya bure. Kwa bahati njema, nidhamu hizi mbili mara nyingi huenda pamoja. Askari anayezima intaneti ya romingi anaokoa fedha, na papo hapo anapunguza maneno ambayo simu yake inasema bila ya yeye kujua.

Hitimisho

Basi, kila upande una wajibu wake. Serikali za Jumuiya zilishaonyesha mwaka 2014 kwamba ukuta huu hubomolewa kwa kalamu. Itafaa sana kalamu hiyo ifike pia kule ambako majeshi yao yalikwisha kufika. Wanaoandaa mikataba ya kutuma askari na wakumbuke kifungu cha simu. Makamanda nao wanaowaandaa vijana, Singo na kwingineko, waweke saa moja ya somo la simu kati ya masomo ya silaha na huduma ya kwanza. Katika saa hiyo mtu aweza kufundishwa mambo sita tuliyoyataja, akayatenda mbele ya mwalimu, na kila mmoja akaondoka simu yake ikiwa imepangwa sawasawa.

Askari mwenyewe asingoje. Bandu bandu huisha gogo: shilingi zinazopotea usiku mmoja si nyingi, lakini za mwaka mzima ni karo, ni mabati, ni ng'ombe wa maziwa. Koplo wetu alisaidiwa na wenzake siku ile, wakachanga, karo ikalipwa. Kabla ya kuagana nasi aliichukua simu yake, akatafuta mahali pa kuchagua mtandao, akauchagua wa nyumbani kwa mkono wake. Kazi hiyo haikuchukua hata dakika mbili.